Sekunde Nne za Vasfi Dirikal

Gazeti limekupa mistari mitatu, Bwana Vasfi,
na katika hiyo mitatu jina lako wamelikosea:
wameandika Vasif.
Mimi, mfamasia mstaafu wa Karşıyaka,
niliyesoma miandiko ya madaktari miaka thelathini na minane,
nimechukua kalamu nyekundu nikasahihisha nakala yangu.
Kisha nikashuka kwa muuza magazeti
nikasahihisha na zake.

Nilikuwa na miaka tisa ulipokufa mara ya kwanza.
Sinema ya kiangazi, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
viti vya mbao vya kufinya mapaja,
mama akibangua mbegu za alizeti, maganda yakimfika vifundoni.
Ulikuwa mlinzi wa ghala. Ulisema, "Nani hapo?"
na risasi ikakuitikia.
Watu wote wakamgeukia shujaa anayetoroka na farasi.
Mimi nilibaki nawe pale chini,
kwa sababu kabla ya kuanguka
uliitua taa yako polepole, isivunjike,
kama mtu anayejua chemni inauzwaje.

Tangu usiku ule nina daftari.
Umekufa mara mia moja na kumi na nne:
kwa kisu, kwa homa, kwa madeni,
mara mbili kwa mapenzi ya watu wengine.
Umekuwa shemeji mlevi, karani mla hongo,
daktari wa kutokea mlangoni akivua miwani: "Mmechelewa."
Hukubusu mtu. Hukupanda farasi.
Jina lako lilipita mwisho kabisa, baada ya fundi wa taa,
watu wakipapasa viatu vyao gizani.
Mwenye macho haambiwi tazama:
nilisimama nikaziba safu nzima
mpaka herufi zako zipite.

Wahakiki walikuita msaidizi.
Figa la tatu nalo ni msaidizi?
Liondoe, uone mchuzi unakokwenda.

(Sikufichi: ile ya roboti uliiharibu.
Najua. Kodi ya nyumba.)

Halafu Februari ile, upepo wa kusini
ukirusha maji ya ghuba mpaka barabarani,
ukaingia dukani kwangu na koti lililolowa.
Ukakohoa. Nilikitambua kikohozi kabla ya uso,
kile cha hakimu, nilichokisifu miaka na miaka.
Ulimi ukaniponyoka: "Hicho ni cha filamu gani?"
Ukacheka hadi ukashika kaunta.
"Hiki, dada, ni changu mwenyewe."

Mbele yako alikuwa İlyas, fundi viatu,
akilipia dawa ya mkewe kwa sarafu.
Alilamba kidole gumba,
akaibandika kila sarafu kwenye kioo kama stempu,
na ile ya mwisho akaikalia kidogo na kidole
kabla ya kuiachia.
Ulilipa, ukatoka, ukarudi mlangoni.
Nikadhani umesahau chenji.

İlyas alizikwa kabla majira hayajageuka.
Hakuacha picha ila ya kitambulisho,
uso wa mtu aliyeshtuliwa.

Miaka mitatu baadaye, kwenye skrini,
ulikuwa baba anayemkatia binti yake tiketi ya treni.
Ulilamba kidole gumba.
Ukabandika sarafu moja moja.
Ya mwisho ukaikalia.
Sekunde nne; nimezipima.
Kando yangu alikaa Münevver, mjane wa İlyas.
Hakusema neno. Alinikamata mkono, akaubana
mpaka pete yangu ikanichora alama.

Mwenye filamu hiyo ni kijana mzuri mwenye gitaa.
Sikumbuki alimwoa nani.

Leo daftari liko wazi mezani,
mstari wa mia moja na kumi na tano.
Kalamu nyekundu ina wino.
Sijaamua kama hiki nacho kinahesabiwa.