Noti

Kidiavai alituahidi noti, nasi tukaja mbio.
Noti tulipewa: nyeusi, kurasa themanini na mbili,
hata moja haipokelewi dukani.

Ilikuwa Julai, ukumbi wa kanisa, Jericho,
baridi ya kupasua midomo.
Mimi na basuni yangu, ndefu kama bomba la jiko,
nikaambiwa, "Wewe ni mbuzi wa Kiamaiko,
tena mbuzi anayejua bei yake."
Nikapandisha. Chelo, mnunuzi bahili, akashusha.
Tukapatana kwenye fa, na hakuna aliyeridhika.

Isukuti aliiandikia fidla:
weka upinde chini, gonga mbao kwa vifundo vya vidole.
Wairuri akaikumbatia yake.
"Mwalimu, hii bado ni ya mkopo."
"Basi gonga upande uliokwisha kulipiwa."

Kuna kipande kiitwacho "Stima".
Okestra inakatika katikati ya neno,
mapigo kumi na moja ya giza,
halafu filimbi moja inapapasa ukutani
ikitafuta kiberiti.
Siku ya kurekodi, mle mle ndani ya kimya,
stima zikapotea kweli.
Tukahesabu hivyo hivyo, hakuna aliyekohoa,
na Nduku akapuliza gizani bila kukosea hata pumzi.
Hatujawahi kukipiga vizuri vile tena.
Mitambo ya Gachomo, bila shaka, nayo ilikuwa imelala.

Cha mwisho ni wimbo wa kubembelezea mtoto, wa kwao Vihiga.
Kwenye mizani ya sita noti moja imepinda,
si huku, si kule.
Tukacheka. Tulishamzoea.
Wairuri akaisahihisha kwa penseli;
yeye akaifuta penseli kwa kidole gumba,
polepole, mpaka karatasi ikachubuka.
"Hapa mama alikuwa akisonga ugali,
mimi mgongoni.
Mwiko ukizama, na sauti inazama."
Akatuonyesha, mkono mtupu, akiisonga hewa ya kanisa,
nasi tukaanza upya, kutoka mizani ya tano.

Santuri imetoka. Juzi mtu wa Buruburu
alipiga simu: kipande cha tisa kina kasoro,
anataka pesa zake.
Si mbali. Kidiavai akavaa koti,
akaenda kwa miguu, akamrudishia noti yake.
Ile nyingine akarudi nayo.