Shokapu ya Kulia

Ottavia kalala chali chini ya Alfa ya marehemu,
jeki inaguna, kutu inamdondokea kopeni.
Nati ya nyuma imegoma tangu alfajiri;
kaimwagia mafuta, kaitukana kwa lugha ya Cuneo,
ikalegea.

Shokapu ya kushoto, upande wa dereva,
ukiibonyeza inarudi, taratibu, na pumzi yake.
Ya kulia imekwisha. Imevuja yote,
inaingia na kutoka kama droo tupu.

Miaka thelathini Ermete alipanda milima kila Jumapili,
peke yangu, alisema,
maana wewe kona hukutapisha.

Anafuta grisi, kidole kwa kidole.
Nani alikuwa mzito hivyo?

Kisha anafunga mpya, zote mbili,
anakaza mpaka spana inalia,
na kwa mara ya kwanza
anakalia kiti cha kushoto.