Bonyeza D

Fundi Nzowa ananicheka.
Anasema kivinjari kile cha mwanzo kilikuwa na mbio,
ukigusa tu, ukurasa huo hapo.
Hiki changu kipya kinajikokota,
kinauliza nywila kila asubuhi kama mlinzi mgeni.
"Dada Zamoyoni, umeuza bodaboda ukanunua guta."

Sawa, Nzowa. Guta na liwe.

Nina kompyuta mbili hapa Tandika,
nyuma ya wauza mashuka ya mitumba,
feni moja, printa inayokohoa wino,
na bango nililoliandika kwa mkono wangu:
TUNATUMA MAOMBI YA KAZI, TUNAJAZA FOMU,
PASIPOTI SAIZI, LAMINESHENI.
Atakaye kujitafutia mwenyewe,
dakika kumi shilingi mia tatu,
avute stuli, akae. Mimi sichungulii.
Hiyo ndiyo sheria ya duka.

Kumbe mwenzangu alikuwa anachungulia.
Kila neno la kila mtu alilimeza,
akalitunza chini ya ulimi kama ugoro,
akangoja mwingine abonyeze herufi moja
amtemee.

Ilikuwa Jumanne, umeme umerudi saa nne.
Mama Siwatu alikaa mashine ya pili,
mtandio umemshuka begani, hakuupandisha.
Aliandika kwa kidole kimoja, polepole,
kama anayetia chumvi kwenye mboga ya wageni.
Akalipa mia tano, akaondoka bila chenji.
Mama Siwatu, anayehesabu hata hamsini!
Ningejua hapo hapo.

Akaja Bi Mwanne wa saluni.
Yeye shida yake fangasi wa kucha.
Akabonyeza d, akabonyeza a,
na kile kiherehere kikamwahi:
dawa ya kifafa kwa mtoto wa miaka sita
dawa ya kifafa inauzwa bei gani
dawa ya kifafa akisinzia darasani

Akaisoma kwa sauti, yote mitatu.
Akageuka: "Nani alikaa hapa?"
Sikujibu. Lakini stuli ilikuwa bado ya moto,
na mtaa wetu hauhitaji jibu,
stuli inautosha.

Alhamisi, kwenye foleni ya bomba,
mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mkono
asisimame karibu na Siwatu.
Alhamisi hiyo hiyo nikampigia Nzowa:
mashine zote mbili, kitoe.

Kwa hiyo usiniulize habari ya kasi.
Hiki, mtu akiinuka, kinafagia alipokaa.
Ukibonyeza d, kinangoja.
Ukibonyeza a, kinangoja,
umalize mwenyewe sentensi yako,
hata kama itakuchukua mchana kutwa.
Jioni nikikifunga hakina cha kusimulia.
(Nami nina yangu niliyoyatafuta usiku,
mlango nimeshausukumia komeo.
Hayo sitayasema hapa.)

Mama Siwatu sasa hupita ng'ambo ya mtaro.
Hanisalimu. Hata mimi nisingenisalimu.

Ila jana Siwatu alikuja peke yake,
sare imepigwa pasi mpaka inakata,
mkononi cheti cha kuzaliwa cha kutolewa kopi
na sarafu ya mia imelowa jasho.
Akasimama mlangoni, akakariri alichotumwa:
"Mama anauliza, ile kompyuta bado inakumbuka?"

Nikamwambia njoo.
Nikamketisha juu ya stuli ile ile,
miguu yake haifiki chini.
Nikamwambia, bonyeza d.
Akabonyeza. Tukangoja sote wawili.
Kijistari kikapepesa, kikapepesa,
weupe mtupu.
Akabonyeza tena, na tena, ddddd,
akaniangalia:
"Hii haijui kusoma?"
"Inajua. Ina adabu tu."

Nikampa kopi yake,
na mia mbili ya mama yake,
iliyokuwa kwenye kopo la pini
tangu Jumanne ile.