Sababu: Kitambaa

Walipochimba msingi, udongo ulitoka wa buluu.
Buluu ya kweli, si ya kusimuliwa;
chini yake mwekundu, chini zaidi mweusi kama wino,
miaka na miaka ya rangi iliyomwagwa na kiwanda cha nguo
pale pale ambapo mama yangu, Leokadia,
alisimamia mitambo minne ya kufuma
mpaka masikio yake yakamuaga.
Mhandisi Radosław aliuchota kwa ncha ya kidole,
akaunusa, akaagiza malori.
Wiki tisa walihamisha rangi.

Kisha nguzo, mia mbili na kumi na nne,
zikakitwa ardhini hadi vikombe vya mtaa wa pili
vikacheza kabatini.
Kisha chuma, kisha paa, kisha theluji
ikasimamisha kila kitu mpaka Machi.
Tulioajiriwa tulipewa kofia, tukaonyeshwa kwenye karatasi
njia ambayo taka zingepita:
mshale juu ya mshale.
Nikacheka peke yangu. Ilifanana na ramani ya nyuzi
aliyonichorea mama mezani, utotoni, kwa makombo ya mkate.

Sasa sikia inavyokwenda.

Saa kumi na mbili asubuhi, giza halijalegea,
jiji la Łódź linamwagwa sakafuni.
Koleo la mtambo linaparua, linalisha mkanda,
mkanda unapanda,
na chekeche kubwa kama behewa la treni
linajizungusha, linajizungusha,
vidogo vinadondoka, vikubwa vinasonga mbele.
Sumaku inaning'inia juu, haisemi na mtu;
makopo ya samaki yanarukia tumbo lake.
Yale ya alumini, ambayo sumaku haiyatambui,
yanafika kwenye rola moja yenye ubishi
na hapo yanaruka yenyewe, kama mbisi.
Jicho la taa linatazama plastiki: hii, ile, hii siyo,
na pumzi moja ya hewa, pff,
chupa inabadilishiwa safari angali angani.
Chupa za kioo hazirushwi. Zinavunjika, basi.

Kisha sisi, ndani ya kijumba chenye madirisha,
mimi na Myroslava, glavu mbili mbili,
tunatoa yale ambayo jicho limeyaonea aibu:
nepi, kiatu kimoja (daima kimoja),
betri ya simu iliyovimba, ambayo ukiichelewesha
itakula banda zima,
na siku moja keki ya harusi, nzima, ndani ya boksi lake.
"Walighairi," akasema Myroslava,
na hatukuongea tena mpaka chai.

Alhamisi ile mkanda ulikwama.
King'ora, taa ya njano, halafu ukimya
uliotufanya tusikie matumbo yetu.
Fundi Wiesiek akafunga swichi kwa kufuli lake,
akanipa kisu, kwa kuwa mkono wangu ni mwembamba.
Nikajipenyeza kati ya rola.
Shuka. Lilikuwa limejisokota kwenye mhimili
mara ishirini, gumu kama kamba ya nanga.
Nikakata. Nikakata. Ukingoni
uzi wa kijani, uzi mweupe, uzi wa kijani:
alama ya kiwanda kile.
Nyuzi zilikuwa bado zimekaza.
Kilichochoka ni kisu.

Hapa karatasi ina njia. Kopo lina njia.
Hata kifuniko cha mtindi kina mlango wake.
Kitambaa hakina.
Katika jiji lililofuma mpaka likakohoa pamba,
kitambaa kinaitwa kizuizi,
kinakwenda na masalio, tanurini.

Nilivitoa vipande, nikavitia kwenye pipa la kijivu
kama kanuni inavyotaka.
Kimoja, cha urefu wa kiganja, hakikufika.
Jioni nilimwekea mama mkononi.
Haoni vizuri, hasikii. Alipapasa ukingo kwa ukucha,
akahesabu, midomo ikicheza,
akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mitambo:
"Uzi mmoja umeruka. Hao ni zamu ya usiku."

Kwenye daftari la Wiesiek:
Kusimama, dakika kumi na saba.
Sababu: kitambaa.