Shuka Ndogo

Chumba cha kufulia kipo chini ya hospitali,
chini hata ya maegesho ya magari,
na usiku huu wa mkesha mji wa Hull, juu yetu,
umelala kama aliyekunywa dawa ya mafua.
Mvua ya barafu inagonga kidirisha kile kimoja.
Mashine namba nne inakohoa. Doreen anaipiga teke.
Inanyamaza, inaendelea.

Kazi yangu ni kukunja.
Shuka za wodi ya tatu, foronya, taulo,
na zile ndogo za wodi ya wazazi,
nyeupe, nyepesi, zingali na joto la kikaushio,
nazikunja mara nne, kisha mara moja tena,
mpaka zienee kiganjani kama andazi.

Saa saba kasoro, simu ya ukutani ikalia.
Huko juu wanataka shuka mbili:
moja ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi,
moja kubwa, ya mzee wa chumba cha mwisho;
hiyo, wamesema kwa sauti ya chini,
haitarudi kufuliwa.
Nikazitoa katika kabati moja.
Kitambaa kimoja. Pindo la buluu lile lile.

Nikasimama nimezishika, kila mkono na yake,
nikamwaza Mariamu akimfunga mwanawe,
akikaza pindo chini ya kidevu,
wala hakuna wa kumnong'oneza
kwamba iko nguo nyingine inamngoja.
Au alijua. Mama huujua uzito wa nguo.

Mungu angeweza kutuma.
Angetuma kama ninavyotuma mimi
kila tarehe ishirini na nane:
namba ya siri, makato, ujumbe, "Imefika, mama."
Eliamani wangu ana miaka sita.
Nilimwacha Usangi ana meno mawili,
nikasema ni kwa ajili yake, na ni kweli,
na ukweli huo haujanipa usingizi hata siku moja.
Najua kutuma.
Kutuma si kuja.

Huyu alikuja mwenyewe.
Akakubali kucha, mafua, upele wa nepi,
akakubali ngozi, kitu kinachotoboka.
Wakamlaza horini; na hori,
kila mtoto wa Upareni atakwambia, si kitanda.
Ni sahani ya ng'ombe.
Aliwekwa mahali pa chakula
tangu usiku wa kwanza.

Doreen hasali. Anasema Krismasi ni ya wenye maduka.
Lakini Trevor wake alipougua figo
alimpa moja ya kwake.
Kovu analionyesha kama risiti,
haraka, kisha anashusha blauzi.
Niliwahi kumuuliza, uliogopa?
Akafikiri, akipukuta pamba kwenye chujio.
"Niliogopa asije akakataa."

Lifti ilipanda polepole.
Muuguzi akaipokea ile ndogo mlangoni,
na nyuma ya bega lake nikaona kisigino,
chekundu, kikubwa kama kidole gumba changu,
kikipiga teke hewa ya dunia
kana kwamba hewa ndiyo iliyomkosea.
Kisha nikaenda chumba cha mwisho.
Hapo sikuona kitu. Pazia lilikuwa limevutwa.
Niliweka shuka juu ya kiti, nikainamisha kichwa,
nikashuka.

Sasa Usangi ni saa kumi kasoro.
Bibi yake ameamka, anachochea moto,
jogoo wa jirani ameshakosea saa mara mbili.
Barua ya kuomba likizo
iko mfukoni mwa aproni, wiki ya tatu leo,
imelainika kama kitambaa.
Asubuhi nitampa msimamizi.
Pasaka nitakwenda mwenyewe.
Nauli ni zile pesa za mabati.
Paa lisubiri.

Mashine namba nne imeanza tena kukohoa.