Fomu ya Majengo ya Kale, Mtaa wa Uhindini

Fomu inauliza: Mtindo wa jengo?
Wamenipa mstari mmoja, urefu wa kiberiti.

Nimesimama Uhindini, Iringa, saa mbili asubuhi,
baridi ya Mei imening'ang'ania masikioni,
na nyumba iliyo mbele yangu haienei kwenye mstari.
Tao la mlango ni la Mjerumani,
alikuja nalo kichwani, pamoja na daftari la kodi.
Kibaraza ni cha pwani: kilipanda na wapagazi,
bahari ikakipotea njiani,
kikabaki na tabia yake ya kukalisha watu.
Nakshi za dirisha ziliagizwa kwa barua Gujarati
na mwenye duka la chumvi na kaniki
aliyetaka mkewe auone mtaa kupitia maua.
Bati ni la Mwingereza. Linapiga kelele
hata kwa manyunyu.

Lakini ukuta?

Chavala, fundi niliyemkodi, akabandua lipu kwa patasi.
Chokaa ikadondoka kama ukoko wa ugali,
tofali likachungulia, jekundu, tope la Ruaha Ndogo,
na juu yake alama ya kwato.
Mbuzi alikatiza uwanjani tope likiwa bichi,
labda anafukuzwa,
labda anapelekwa bomani kukomboa kichwa cha mtu.
Fomu haina nafasi ya mbuzi.

Tukapima. Mlango: mita moja na sentimita themanini na tano.
Chumba: mita nne, sitini na tatu.
Unene wa ukuta: arobaini na sita na kitu.
"Namba gani hizi," nikasema, "Mjerumani na vipande vipande?"
Chavala hakujibu. Akakunja mkono wa shati,
akaulaza mkono wake ukutani,
kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.
Mlango, mikono minne.
Chumba, kumi.
Ukuta, mmoja, haukubaki hata ukucha.

Akacheka, akaomba hela ya ulanzi wa mwisho wa msimu.

Nyaraka zinalo jina la bwana aliyechora,
herufi zake zina mikia kama kenge.
Aliyejenga: hajulikani.
Nikalikata neno hilo. Nikaandika juu yake:
mkono wake umezidi wangu kwa nusu kidole.

Dodoma watairudisha, najua.
Watasema hapo panatakiwa jina.

Kesho tunarudi na Chavala.
Bado hatujapima ngazi.