Do Ilikuwa E

Kanda yenyewe haina jina. Jasho la viganja
limelamba karatasi, imebaki namba ya Kirumi,
vijiti viwili vimesimama: sehemu ya pili.
Baba aliinunua Kipalapala, padri mmoja akifungasha:
redio, kanda tano, na koti la baridi
lisilo na kazi Tabora hii.

Alikuwa mtu wa stesheni, akigawa mabehewa,
haya ya Kigoma, haya ya Mwanza,
usiku wa manane, taa mkononi.
Akirudi Ng'ambo hasemi na mtu. Anabonyeza.
Zumari inaanza peke yake, fidla zinaifuata kwa mbali
kama wafiwa wasiotaka kumfikia aliye mbele.

Nilipojifunza nota kwenye kwaya
nilikaa na kinanda, nikaitafuta:
Do ni E.
Lakini wimbo haulali kwenye Do,
unalala La, ubavu wa huzuni.
Mwendo: pole, halafu pole tena.
Dakika kumi na mbili. Ugali unapoa, hatuli.
Mama alipokuwa hai alisubiri mpaka iishe;
alipofariki, tukamlilia kwa kanda ile ile.

Mwezi wa sita redio ikagoma.
Nikaipeleka kwa Fundi Lubigisa, nyuma ya soko.
Akafungua, akacheka, akachomoa mpira mweusi
uliolegea kama soksi ya mwanafunzi.
"Dada, huu umechoka miaka. Mlikuwa mnasikiliza nini?"
Akaweka mpya. Akabonyeza.

Haikuwa maombolezo.
Zumari ilikuwa inatania. Fidla zilikimbia
zimeshika pindo, watu wa harusini waliochelewa.
Bado La, ndiyo, bado kivuli,
lakini kivuli cha wingu linalopita shamba la tumbaku
na wavunaji hawainui hata kichwa.
Nyumbani nikagusa kinanda: Do ni G.
Dakika kumi.
Zile mbili za kilio chetu
zilikuwa za mpira.

Baba alisikiliza amesimama, kofia mkononi,
kama anayengoja kupokea mgeni asiyemjua sura.
Mtunzi, huko aliko, labda alishukuru:
hatimaye nyumba moja ya Ng'ambo imemsikia.
Baba akazima.
"Hii," akasema, "ni treni isiyosimama Tabora."

Kesho yake nikarudi sokoni.
Fundi akamwaga kopo la skrubu juu ya gazeti,
akapekua, akapekua, akaupata,
umejikunja, una vumbi la chuma.
"Sasa dada, na kuharibu nako nikutoze?"
Nikamwambia atoze.

Jioni ile Do ilirudi, chini ya E kidogo.
Ugali ukapoa.